Mwavuli Nilioupeleka Misugusugu

Mjomba wangu alikuwa akichonga mpini wa jembe huku mimi nikimsomea gazeti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila Alhamisi katika likizo ile ndefu. Gazeti la Kiswahili la serikali lilifika Kisarawe na gari la posta, likapita kwanza mikononi mwa makarani wa bomani, na lilipotua barazani kwa mjomba lilikuwa limeshakuwa laini kama kitambaa. Hakutaka habari za Malkia wala za bei ya pamba. Alitaka kisanduku cha ukurasa wa ndani kilichoandikwa: Shughuli za Baraza la Kutunga Sheria, wiki ijayo.

"Jumanne," nilisoma. "Hati kuwekwa mezani. Maswali ya wajumbe. Muswada wa Sheria ya Leseni za Magari, kusomwa mara ya pili."

"Mara ya kwanza hawakusikia?"

"Walisikia, mjomba. Ndiyo desturi yao. Muswada husomwa mara tatu."

"Kama talaka," alisema, akapuliza vumbi la mti. "Ikifika ya tatu hakuna kurejeana. Endelea."

Niliendelea, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la dawa ya chango. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, na kule tulizoea kutoamini karatasi yoyote yenye muhuri. Nilimweleza mjomba kwamba wajumbe Waafrika wa Baraza lile wameteuliwa na Gavana, kwamba hakuna mtu Kisarawe aliyewahi kumpigia kura hata mmoja wao, kwamba wakubwa wa serikali wamewazidi idadi, na kwamba kinachosemwa Jumanne kimeamuliwa Jumatatu. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni. Kisha akauliza:

"Na swali letu wameliweka?"

"Hawajaliweka."

"Wataliweka. Mwavuli wake ninao."

Swali lenyewe lilikuwa hili. Mjomba alikuwa na shamba Kibuta aliloachiwa na mama yake, ambaye ni bibi yangu mzaa mama. Ni mikorosho, minazi michache na muhogo, na chini kabisa, karibu na mashimo ambamo wazee walichimba sandarusi, ule utomvu mgumu wa kuuza, yapo makaburi. Bibi amelala pale pamoja na mama yake. Mwaka mmoja kabla ya likizo ile, Bwana Misitu alipita na vibarua wake wakipaka rangi nyekundu kwenye mashina ya miti. Mpaka mpya wa msitu wa serikali ulipita juu ya shamba, ukaiacha nje mikorosho saba na kuingiza ndani mingine yote pamoja na makaburi. Mjomba alikwenda bomani mara nyingi. Kila mara aliambiwa kwamba shauri hilo liko juu. Alipouliza juu ni wapi, karani mmoja akamwambia kwa kejeli, Barazani Dar es Salaam. Karani alifanya mzaha. Mjomba aliichukua kuwa anwani.

Basi mmoja wa wale wajumbe Waafrika alipokuja Kisarawe kusalimia watu, mjomba alikuwepo tangu asubuhi. Mjumbe alikuwa mtu mzima, mpana, mzaliwa wa milima ya upande wa Morogoro. Alivaa koti la kaki na kubeba mwavuli mweusi wenye mpini wa mfupa, ingawa kilikuwa kiangazi kikavu. Alisikiliza malalamiko ya watu, akaandika katika kijitabu, akasema kwa kila jambo: nimesikia. Nilisimama pembeni na kuhesabu moyoni yale "nimesikia" yake. Mwishoni mjomba akamkaribia.

"Wewe mtu wa milimani, unatembea na mwavuli jua lote hili. Mvua ya kwenu imekwisha, umeteremka kuiba ya kwetu?"

Mjumbe akageuka. Kwa maneno yale tu alijua kwamba anaongea na mtani wake. Uso wake, ambao ulikuwa wa kazini tangu asubuhi, ulilegea.

"Mvua ya Wazaramo nani anaitaka? Ikinyesha mnacheza ngoma, isiponyesha mnacheza ngoma. Mnalima lini?"

"Tunalima nyie mkilala. Ndiyo maana mkishuka kwenye vilima vyenu mnakuta tuna chakula."

"Chakula gani? Muhogo na kelele!"

Watu waliangua kicheko. Mjomba alicheka kuliko wote, na katika kucheka kwake akauchomoa mwavuli kwapani mwa mjumbe.

"Mzaramo, rudisha mali ya watu."

"Njoo uikomboe."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Shilingi zako kanunulie kuku wa kupeleka ukweni. Mimi nataka swali. Uliza habari ya shamba langu mle ndani, mbele ya Wazungu wote, na utaje Kibuta kwa jina. Siku nitakayoisikia Kibuta kwa masikio yangu, mwavuli huu nitakukabidhi mlangoni pa ukumbi."

Watu wa milima ile na sisi ni watani tangu zamani. Mtani akikutwalia kitu hapigwi na hashitakiwi. Utakikomboa kwa hicho alichokitaka, au habari zako zitafika kwenu kabla yako. Mjumbe akatikisa kichwa, akasema, "Umenishika." Safari hii hakusema "nimesikia". Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, alikuwa karibu, akitabasamu bila kuelewa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani mjomba aliutundika mwavuli ule kwenye msumari juu ya mlango wa mbele. Majirani walikuja kuutazama. "Ndilo swali lenu hilo?" waliuliza, na mjomba akajibu, "Ndilo. Limetundikwa." Kila nilipopita chini yake niliona aibu, na aibu hiyo nikaipa majina makubwa. Nilijiuliza kama nchi itakuja kujitawala kwa kunyang'anyana miavuli. Nilijiambia kwamba haki ya mtu juu ya ardhi yake haipaswi kutegemea mzaha. Nilijua pia, ingawa sikujiambia, kwamba huenda siku moja ningehitaji barua ya mjumbe yule nikitafuta kazi, na sikutaka anikumbuke kama mpwa wa mzee mnyang'anyi.

Alhamisi ya nne swali likatokea. Lilikuwa la sita katika orodha ya Jumanne: mjumbe atauliza kama serikali inafahamu kwamba mpaka mpya wa msitu upande wa Kibuta, Wilaya ya Kisarawe, umeingiza mashamba na makaburi ya wananchi, na ina mpango gani. Nililisoma mara tatu kwa sababu mjomba alitaka. Aliweka panga chini.

"Watalisema Kizungu?"

"Kizungu kitupu, mjomba. Hutaelewa."

"Kibuta kwa Kizungu wanaitaje?"

"Kibuta."

"Basi nitaelewa."

Tulipanga kwamba tutakwenda wote Dar es Salaam siku hiyo, mimi nikiwa mkalimani wake. Siku zilizobaki angekuwa shambani akiokota korosho, kisha angetokea moja kwa moja stesheni ya Pugu. Mimi ningetoka nyumbani na mwavuli na tukutane pale.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Swali limeshachapishwa, niliwaza. Lipo gazetini, nchi nzima imelisoma. Kwa nini basi mjumbe aendelee kuwa mateka? Nilijua kwamba kabla ya vikao alikuwa akifikia kwa shemeji yake Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro. Jumapili asubuhi nikauteremsha mwavuli, nikaufunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mke wa mjomba alikuwa akifagia uwanja.

"Mwavuli wa watu unaupeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Nani kakutuma?"

"Swali limeshatoka, mama. Kazi yake imekwisha."

Aliegemea fagio lake. "Haya. Mjomba wako utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Nilipita njia za mashambani, nikapotea mara moja, na nilifika Misugusugu shati limenigandia mgongoni. Mjumbe alikuwa uani ameketi kwenye kiti cha uvivu, karatasi zimejaa mapajani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniagizia maji. Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi njia nzima. Nikamwambia mjomba ni mtu wa zamani na asimchukulie vibaya. Nikamwambia sisi tuliosoma tunajua kwamba mjumbe ana uzito wa kazi, na mambo ya Baraza si mambo ya utani. Kisha nikamkabidhi mwavuli kwa mikono miwili.

Hakuupokea mara moja.

"Mjomba wako ndiye kakutuma?"

Nimelirudia swali hili kichwani mara nyingi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini niliona kwamba msamaha ukitoka kwangu peke yangu ni wa mtoto, na ukitoka kwa mjomba ni wa familia.

"Ndiyo," nilisema.

"Na hadai kitu?"

"Hadai kitu."

"Kweli ameniachia?"

"Ameniambia nikwambie hivyo."

Akaupokea. Aliufungua pale uani, jua kali, akautazama kwa ndani kama mtu anayetafuta tundu, kisha akaufunga taratibu. Nilitegemea afurahi. Hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba safari aliyoiogopa imefutwa, na sasa hajui ashike kitu gani. Alininunulia soda na kunipa sabuni ya kumpelekea mke wa mjomba. Nilirudi Kisarawe nikijiona mtu wa maana.

Jumanne alfajiri nilimkuta mjomba stesheni ya Pugu katika kanzu safi, koti juu yake, kofia yake ya Idi kichwani. Alinitazama mikono.

"Mwavuli uko wapi?"

"Nimesahau."

Mtu mwingine angenifokea. Yeye alifikiri kidogo, akacheka. "Basi vizuri. Tutamwambia aje nyumbani ale na sisi, auchukue mwenyewe. Nitamchinjia. Mtu wa milimani akila kuku wa Mzaramo hatarudi kwao."

Ndani ya gari moshi nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo tulipopita daraja la kwanza, na tena tulipoanza kuona mabati ya mjini. Alikuwa na furaha mno. Akamweleza abiria wa mbele yetu, mtu asiyemjua, kwamba anakwenda kusikiliza shamba lake likitajwa.

Ukumbini tulikalishwa nyuma pamoja na wasikilizaji wengine. Kulikuwa na picha ya Malkia ukutani na Spika katika nywele za bandia. Mjomba aliweka mikono magotini kama yuko msikitini anangoja khutba. Mjumbe wetu aliketi upande wa kulia, mwavuli wake umeegemezwa kwenye meza. Sijui kama mjomba aliuona. Miavuli myeusi mle ndani ilikuwa mingi.

Maswali yalianza. Nilimnong'oneza.

"La kwanza. Habari ya mkonge."

Akakunja kidole gumba.

"La pili. Barabara ya kusini."

Akakunja kingine. Hivyo hivyo mpaka la tano, la dawa za ng'ombe, mkono mmoja ukawa ngumi. Akainua mkono wa pili, akauweka tayari, akainama mbele. Spika alisema maneno machache, akafunua karatasi. Mzungu mmoja wa upande wa serikali akasimama na kujibu habari ya mabomba ya maji Tanga.

"Hilo ni letu?" mjomba aliuliza. "Sijasikia Kibuta."

"Hilo ni la saba."

Alitazama mkono wake wa pili, ambao vidole vyake vyote vilikuwa bado wazi.

"La sita limekwenda wapi?"

Spika alikuwa amesema kwamba swali la sita limeondolewa kwa ombi la mwenye nalo. Nilisikia vizuri sana. Kama mjomba angekuwa anategemea tafsiri yangu tu, najua ningedanganya. Ningemtungia swali na jibu zuri na nikamrudisha nyumbani ameridhika. Lakini alikuwa amejiwekea neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani, na neno hilo halikutamkwa.

"Limeondolewa, mjomba."

"Na nani?"

Nikajifanya nasikiliza habari ya mabomba.

Walipotoka kwa chai tulimngojea mjumbe kwenye ngazi. Mawingu ya vuli yalikuwa yamejikusanya na matone ya kwanza yameanza. Alitokea akiufungua mwavuli. Hapo mjomba aliuona, akaona na ule mpini wa mfupa, na maneno aliyokuwa ameyatayarisha yakakatika.

Mjumbe ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini isiyo ya utani.

"Mtani, usinilaumu. Wakubwa waliniomba mara mbili niliondoe lile swali. Nikawaambia siwezi, mtani kanishika, nikienda kinyume nitaonekana mtu wa hovyo kwetu. Wakacheka, lakini wakaniacha. Kijana wako akaniletea mwavuli Jumapili, akasema umeniachia, hudai kitu. Basi jana walipokuja mara ya tatu sikuwa na la kuwaambia."

Mjomba hakugeuka kunitazama. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Angeweza kusema sikumtuma. Neno moja tu. Labda mjumbe angeona aibu, labda swali lingerudishwa wiki iliyofuata. Lakini angekuwa amemwambia mtu wa heshima, mbele ya watu, kwamba mpwa wake msomi ni mwongo.

"Nilikuonea huruma, mtani," alisema mjomba. "Mvua zimeanza. Nyie wa milimani mkilowa mnanuka kama mbuzi."

Mjumbe akacheka, ingawa si sana. Wakashikana mikono. Mjomba hakumwalika kuja kula.

Katika kurudi tuliteremka Pugu na kuanza kupanda njia ya Kisarawe, mimi nikiwa nyuma ya mjomba, kanzu yake imelowa mpaka magotini.

"Wewe unauliza kila kitu, mpwa wangu," alisema bila kusimama. "Hili hukuniuliza."

Nimejitetea mara nyingi tangu siku ile. Nimejiambia kwamba swali lile lingejibiwa kwa mistari miwili ya baridi na mpaka ungebaki palepale, na pengine ni kweli. Nimejiambia kwamba mjumbe alikuwa akitafuta kisingizio, na pengine ni kweli pia. Lakini mjomba hakuwa amedai ushindi. Alidai mahali pake patajwe mle ndani, na alikuwa amepata njia ya kumfanya mtu mwenye nafasi asiogope wakubwa kwa wiki chache. Hakuna somo la chuoni lililowahi kunionyesha njia kama ile. Niliichukua nikaifunga kwenye baiskeli, nikairudisha kwa mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata alinipa gazeti kama kawaida. "Soma. Labda wamelirudisha." Nikasoma. Alhamisi nyingine nikasoma. Katika ile ya mwisho kabla ya kuondoka kwangu, chini ya "Hati kuwekwa mezani", ulikuwepo mstari mmoja: Tangazo la mipaka ya misitu ya akiba, Wilaya ya Kisarawe. Nilisoma mstari wa juu yake, nikasoma mstari wa chini yake.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Ndiyo yote, mjomba."

Nilipokuwa chuoni vibarua walikuja na mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Mjomba alibaki na mikorosho yake saba.

Mwaka huu nimerudi siku chache kabla ya Ramadhani, na tumekwenda kusafisha makaburi kama tunavyofanya kila mwaka. Siku hizi kuingia kule kunataka kibali cha Bwana Misitu. Tulipofika kwenye jiwe la mpaka mjomba alikitoa mfukoni, kimekunjwa mara nne, akanipa. Nilimsomea chote: jina lake, idadi ya watu, kwamba haturuhusiwi kukata mti wala kuwasha moto, kwamba tutoke kabla ya saa kumi, mpaka jina la mpiga chapa lililo chini kabisa. Sikuruka neno.

"Na mahali wameandika wapi?"

"Kibuta."

Alishika fyekeo lake, akatazama ndani ya msitu, kule ambako minazi yake ilionekana bado.

"Nisomee tena hapo," alisema.

Nikamsomea.